Jinsi ya kuutazama msitu mdogo wa kale

Fika kabla jua halijachomoza, umevaa nguo zisizong'aa, simu umeizima. Mimi hutafuta kwanza mti uliokufa. Wengi hupita wakidhani ni kuni tu, kumbe gogo linalooza lina wapangaji wengi ajabu: uyoga, majongoo, mabuu ya mbawakawa yanayotafuna mbao kimyakimya, mengine kwa miaka kadhaa. Usiligeuze, utawabomolea paa. Inama, sogeza jicho, chungulia pale gome lilipobanduka.

Kisha keti. Dakika 20, mgongo kwenye shina, upepo ukikupiga usoni ili harufu yako isiwafikie wanyama walio mbele. Mwanzoni hutaona kitu, maana ndege wamekwisha kupeana habari zako. Usiondoke! Wakirudia kuimba, ujue wamekuzoea, na hapo hata kindi hushuka.

Kagua chini ya miti yenye matundu. Ukikuta kidonge cha kijivu chenye manyoya na vijifupa, kimetapikwa na bundi, naye huenda yuko juu yako.

Na usiiache njia: udongo ulioshindiliwa kwa nyayo hukosa hewa, mbegu zikapata taabu kuota.