Kabla hujalipia alaimenti: mambo ya kuangalia kwanza kwa sisi tunaoendesha milimani

Alaimenti, yaani kupima na kunyoosha jinsi matairi yanavyokaa, ni kazi ya mwisho, si ya kwanza. Ukilishika hilo tu utaokoa hela nyingi, na pengine utaokoa mtu. Huku Mbeya gari likianza kuvuta upande, watu wanakimbilia mashine moja kwa moja. Wanalipa, wanapewa karatasi yenye rangi ya kijani, maana yake vipimo viko sawa, wanarudi barabarani na ugonjwa ule ule. Mashine haikazi kitu kilicholegea. Inapima tairi limekaaje kwa wakati huo, halafu fundi anarekebisha panaporekebishika, basi. Kwa hiyo fanya haya kabla hujafika huko, na uyafuate kwa mpangilio huu huu.

Anza na upepo. Pima asubuhi gari likiwa halijatembea, na ufuate kipimo kilichobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, si kile kijana wa pancha alichozoea kujaza kila gari. Tairi moja la mbele likiwa na upepo mdogo kuliko mwenzake, gari litavuta upande huo, na hakuna alaimenti itakayoliponya. Baridi ya kwetu nayo ihesabu. Joto likishuka nyuzi 5 au 6, upepo unapungua kama psi 1 (kile kipimo cha upepo kwenye geji), kwa hiyo aliyejaza mchana wa Novemba asishangae Juni alfajiri akiwa Makambako au Mafinga.

Halafu ichunguze barabara kabla ya kulaumu gari. Sisi tunaendesha kushoto, na barabara zimelazwa kidogo kuelekea pembeni ili maji yatoke. Gari zima kabisa, ukiliachia usukani kidogo, litaelekea kushoto taratibu. Hiyo si ajabu. Likielekea kulia kwenye barabara ya kawaida, au likikimbilia kushoto kwa nguvu, hapo pana jambo. Na usifanye jaribio hili kwenye kipande ambacho malori ya Tunduma yamechimba mifereji kwenye lami. Tairi likiingia humo linafuata mfereji, na usukani utachezacheza hata kama gari limetoka kiwandani jana. Ukiwa na safari ya kushuka Usangu, vipande tambarare kati ya Chimala na Igawa vinafaa. Shika usukani kwa wepesi, usiuachie kabisa, na uhakikishe nyuma na mbele hakuna mtu.

Jiulize pia linavuta lini. Likivuta pale tu unapokanyaga breki, hiyo ni kesi ya breki, mara nyingi kalipa iliyokwama, kile kifaa kinachobana breki kwenye gurudumu. Ukishatembea kidogo, simama, usogeze kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Rimu moja ikiwa inatoa joto kuliko mwenzake wa upande wa pili, umempata mwizi. Likitetemeka usukani ukifika spidi ya 80 au 100, halafu likatulia ukipunguza, hilo linataka kubalansi matairi, yaani kusawazisha uzito wake, au rimu limepinda. Likivuta muda wote, badilishana matairi ya mbele, la kulia liende kushoto na la kushoto kulia, ilimradi si yale yenye mshale wa mwelekeo. Mvuto ukihamia upande mwingine, ubovu uko kwenye tairi lenyewe. Ukibaki pale pale, endelea kutafuta.

Sasa matairi yenyewe, na hapa nataka utulie.

Tairi linasema ukweli kuliko karatasi yoyote. Likiliwa katikati, upepo umezidi. Likiliwa kingo zote mbili, upepo ulikuwa mdogo. Likiwa na mabonde mabonde kuzunguka, angalia shokapu. Hakikisha kwa macho hakuna waya zilizotokeza, kisha pitisha kiganja kwa upole juu ya kashata za tairi, zile raba zilizochongwa zinazokanyaga lami, kutoka nje kwenda ndani, kisha kutoka ndani kwenda nje. Mkono ukiteleza vizuri upande mmoja na kukwaruzwa upande wa pili, tairi linaburuzwa. Hiyo ndiyo alaimenti mbaya ya aina inayoitwa too, yaani pua za matairi mawili zinatazamana ndani kupita kiasi au zinaachana kwenda nje. Tairi likipinda nyuzi 1 tu, katika kila kilomita 1 linakuwa limeburuzwa upande kama mita 17. Mbeya mpaka Tukuyu ni kama kilomita 70. Piga hesabu mwenyewe: tairi lako limesuguliwa kwenye lami zaidi ya kilomita nzima, kwa safari moja ya kwenda. Kemba ni kitu kingine, ni tairi kuegemea ndani au nje ukilitazama kwa mbele, na yenyewe inakula ukingo mmoja tu. Kasta ni mlalo wa ule mhimili ambao tairi linageukia. Hiyo haili tairi sana, lakini ikitofautiana kulia na kushoto inaweza kuvuta gari.

Kuna ukingo mmoja ambao hamna anayeuangalia, nao ni wa ndani. Ukisimama kando ya gari unaona ubavu na ukingo wa nje. Wa ndani umejificha nyuma, kwenye giza la shokapu na matope.

Shemeji yangu alikuwa na Toyota Noah aliyoipenda, anaiosha kila Jumamosi. Ilipoanza kuvuta kulia akaipeleka kwenye mashine. Ikapimwa, ikarekebishwa, karatasi ikatoka kijani tupu. Baada ya muda si mrefu ikaanza tena. Akarudi, ikapimwa tena, akaambiwa barabara zetu ni mbovu, akaamini. Akanunua matairi mapya ya mbele, akalipia alaimenti nyingine juu yake. Hakuna aliyepandisha gari lile kwa jeki na kutikisa gurudumu hata moja. Mimi mwenyewe nililiona pale Uyole asubuhi ya siku ya ajali, na ukiangalia matairi kwa nje ungesema yametoka dukani.

Walikuwa wanaenda msibani Kyela: yeye, dada yangu na mama. Njia ile unaijua. Unapanda mpaka Isyonje, halafu ni kushuka na kushuka, Kiwira, Tukuyu, na ukishapita Tukuyu bado unashuka mpaka joto la Kyela likupokee. Mahali penye mteremko baada ya Tukuyu, tairi la mbele la kulia likapasuka. Gari likakata kulia, likavuka upande wa magari yanayopanda, likaishia kwenye mtaro chini ya migomba. Dakika ile hapakuwa na lori linalopanda. Namshukuru Mungu kwa hilo mpaka leo. Mama alivunjika mkono, na mkono ule haukurudi kama zamani. Kuinua sufuria ya maharage anaita mtu.

Gari lilipovutwa kurudi, lilipelekwa kwa fundi mmoja mzee, mtu wa maneno machache. Jambo la kwanza aliloonyesha ni tairi la kushoto, lile ambalo halikupasuka. Nje lina kashata nzima. Ndani limelika mpaka nyuzi za waya zimetokeza, mstari mweupe unaozunguka tairi zima. Kisha akachukua mtaimbo, akauchomeka kwenye amu ya chini, ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu, akaisukuma mbele na nyuma. Bushi ya nyuma ya amu, yaani raba inayoishika amu kwenye gari, ilikuwa imechanika yote, chuma kinaelea ndani ya raba. Shemeji akamwambia, "Mzee, mbona alaimenti nimefanya, na karatasi ninayo?"

"Karatasi haina kosa, mwanangu," akamjibu. "Ilipima gari lililolala. Lako likiamka, likaanza kushuka na kufunga breki, bushi hii inaliachia tairi liende linakotaka."

Kila alipokanyaga breki kwenye miteremko yetu, tairi lilihama kutoka pale mashine ilipoliweka. Likisimama linarudi mahali pake, kwa hiyo likipimwa tena linaonekana zima. Ndiyo maana nasema tikisa kwanza, pima baadaye.

Namna ya kutikisa ni hii. Weka gari mahali pa tambarare, vuta breki ya mkono, zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe. Pandisha gurudumu moja la mbele. Shika tairi juu na chini, ulisukume na kulivuta. Likicheza, ni beringi au boljointi, kile kiungo cha duara kinachounganisha amu na gurudumu. Kisha lishike kulia na kushoto, fanya vile vile. Likicheza hapo, tairodi endi au tairodi ya ndani imekwisha; tairodi ni fimbo inayotoka kwenye usukani kugeuza gurudumu, na endi ni kiungo cha mwisho wake. Mtu wa pili aangalie kwa tochi kinachocheza ni kipi, kwa sababu sikio linadanganya. Angalia raba za boljointi kama zimepasuka na kumwaga grisi. Bushi za amu tumia mtaimbo kama alivyofanya yule mzee, kwa kiasi, usiharibu iliyo nzima. Shokapu inayovuja mafuta na springi iliyokatika zihesabu kwenye orodha hiyo hiyo. Na kabla hujashusha gari, geuza usukani mpaka mwisho, uchungulie ukingo wa ndani wa tairi kwa macho. Usipitishe vidole vitupu huko, waya zikiwa zimetoka zinachana.

Kilichokufa kibadilishwe. Kisha, na baada ya hapo tu, nenda kwenye mashine. Ukibadilisha tairodi, amu au shokapu, alaimenti ni lazima, hata kama fundi amekuambia amehesabu mizunguko ya skrubu ya tairodi na kuirudisha palepale. Ile hesabu ni ya kukufikisha kwenye mashine, si ya kukufikisha Dar.

Ukifika kwenye mashine simama hapo hapo, usiende kunywa chai. Hakikisha wamepima upepo na wamechagua aina sahihi ya gari lako. Magurudumu ya mbele yakae kwenye sahani zinazozunguka. Usukani unyooshwe injini ikiwa inawaka, kisha ufungwe usihame. Nyuma ipimwe kabla ya mbele, kwa sababu magurudumu ya nyuma ndiyo yanayoamua gari linaelekea wapi. Toyota ndogo kama IST na Vitz nyingi nyuma hazina pa kurekebishia, kwa hiyo nyuma ikitoka nje ya kipimo kwenye gari la namna hiyo, uliza ni nini kimepinda, usikubali kuambiwa "ziko hivyo." Mbele nako magari mengi madogo unarekebisha too peke yake, kemba ikiwa mbaya mara nyingi kuna kitu kiligongwa. Dai karatasi ya kabla na ya baada. Kabla hujatoka, muone fundi kwa macho yako akikaza lokinati za tairodi, zile nati zinazoifunga isizunguke, pande zote mbili. Lokinati iliyosahaulika inafuta kazi yote, tena wewe ukiwa barabarani.

Liendeshe pamoja na fundi kabla hujalipa. Usukani ukikaa upande huku gari linaenda moja kwa moja, kazi haijaisha, mwambie arudie kugawa tairodi sawasawa. Akitaka kung'oa usukani na kuugeuza ukae sawa, kataa. Anaficha tatizo, na huko ndani kuna waya wa eabegi (mfuko wa hewa wa kukukinga ajalini) anaoweza kuukata.

Wale mlioinua magari kwa spesa, vipande vinavyowekwa kwenye springi, ili yapite njia za Chunya ndani au Kitulo wakati wa mvua: siku ulipoinua ndiyo siku alaimenti ilipoharibika. Gari likipanda juu, kemba na too vinabadilika vyote. Ipimwe tena. Anayebeba magunia ya viazi kila siku amwambie fundi, maana gari lililozama kwa mzigo halikai kama lile tupu.

Ukigonga shimo kubwa usingoje wiki ijayo. Simama mahali salama, mbali na kona, weka pembetatu nyuma, angalia rimu na ubavu wa tairi kama umevimba. Tairi lililovimba halifiki Iringa, na hasa halishuki mteremko wa Kitonga. Angalia tarehe ya tairi pia, zile tarakimu nne ubavuni, mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, kwa sababu matairi ya mtumba yanayouzwa yana kashata ndefu na raba iliyokauka. Kashata zikifika milimita 1.6 tairi limekwisha, na kwa mvua zetu za Machi na Aprili ulitoe kabla hazijafika hapo. Tairi la akiba lipime upepo, wengi tunalibeba likiwa limelala. Mzigo ukae chini na ufungwe. Mikanda ifungwe, ya nyuma pia, bibi na watoto pia. Kwenye mteremko shuka kwa gia ndogo, usining'inie kwenye breki. Na unapochungulia chini ya gari, usilale chini yake likiwa kwenye jeki peke yake hata kwa dakika moja; weka stendi, na kama huna, mwachie fundi mwenye nazo.