Kurudi chuoni ukubwani: namna ya kuandika utafiti wako wa kwanza

Nawasaidia watu wazima hapa Mombasa kuandika tasnifu: makarani wa bandarini, walimu, wauguzi, wengi wao kazini mchana na darasani jioni. Kinachowakwamisha mara nyingi si uandishi. Wanaijua mada yao mno, wakadhani kujua jambo ndiko kulithibitisha. Uzoefu wako unakupa swali, ushahidi utautafuta.

Hatua ya 1: Bana swali

Hapa usiwe na haraka. Tuseme wewe ni wakala wa kutoa mizigo, ofisi yako iko Shimanzi, na unataka kuandika "Athari za SGR kwa uchumi wa Mombasa". Mada hiyo ni bahari, hutaimaliza. SGR, reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi, ilianza kubeba mizigo 2018. Agosti 2019 ikatoka amri kwamba mizigo ya Nairobi na bara isafirishwe kwa SGR na kutolewa huko huko Nairobi, watu wakaandamana. Septemba 2022 serikali mpya ikatangaza kuzirudisha shughuli hizo Mombasa. Chukua kipande kimoja tu: "Je, tangu tangazo la 2022, wateja waliohamia Nairobi wamewarudia mawakala wadogo wa Mombasa?"

Angalia sikuandika "Kwa nini wateja hawajarudi?" Anayeuliza hivyo ameshahukumu kabla ya kusikiliza mashahidi. Na kama jibu unalo tayari moyoni, jiulize ni ushahidi gani ungekufanya ulibadilishe. Ukikosa, tafuta swali jingine.

Hatua ya 2: Tafuta waliotangulia

Anza na Google Scholar na AJOL, ghala la majarida ya Afrika. Tafuta kwa Kiingereza pia, maana maandishi mengi ya uchukuzi yako kwa lugha hiyo. Ukipata makala moja nzuri, ifuate pande mbili: nyuma, kwenye marejeleo yake, na mbele, kwa walioinukuu baadaye. Makala ikidai pesa, usilipe. Muulize mkutubi wa chuo chako, au mwandikie mwandishi mwenyewe.

Hatua ya 3: Soma kwa kuchagua

Soma ikisiri (muhtasari wa mwanzoni), kisha hitimisho, kisha mbinu. Yaliyobaki yasome tu ikiwa haya matatu yamekushika. Foleni ya feri ya Likoni yatosha ikisiri mbili, tatu.

Gawa ukurasa wa daftari sehemu mbili: kushoto maneno ya mwandishi pamoja na namba ya ukurasa, kulia mawazo yako. Wizi mwingi wa maandishi ninaokutana nao haukukusudiwa, ni daftari lililochanganya sauti mbili. Marejeleo yatunze kwa Zotero, programu ya bure, lakini kagua inachokuandikia.

Hatua ya 4: Panga mapitio kwa hoja

Mapitio ni sura inayoeleza waliotangulia walisema nini. "Fulani alisema, naye fulani akasema" ni orodha ya wageni. Waweke pamoja wanaokubaliana, wakabilishe na wanaowapinga, kisha onyesha pengo ambalo swali lako linaingia.

Hatua ya 5: Kibali kwanza

Hojaji isitoke kabla ya leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, inayoombwa mtandaoni. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo inakuhusu: omba ridhaa, ficha majina. Ukiwahoji mawakala wenzako, kumbuka ni washindani wako. Watakuficha bei, na ni haki yao. Liseme hilo wazi kwenye sura ya mbinu.

Hatua ya 6: Andika

Anza na sura hiyo hiyo ya mbinu, kwa sababu unaeleza tu ulichofanya. Utangulizi uje mwisho. Kiingereza kikikukaba, jirekodi kwenye simu ukimweleza jirani kwa Kiswahili, kisha uandike kutoka hapo.

Msimamizi wako huenda akawa rika la mwanao. Mwite Daktari, umsikilize, na pale usipokubali mjibu kwa ushahidi. Usimtumie rasimu yenye ujumbe "naomba maoni". Mwandikie: "Ukurasa wa 14, je, mahojiano haya yanatosha kubeba hoja hii?" Swali la namna hiyo hujibiwa upesi.