Mnataka kuanzisha chama cha siasa cha katikati, kisichoegemea upande wowote? Anzeni na nani anasaini

Hapa Nakuru vijana wakinipata wananiuliza chama huanzishwa vipi, na kila mtu anaanza na jina, rangi, kinara atakuwa nani. Hiyo wachaneni nayo kwanza. Nimekaa kwa mikutano ya kuunda chama kutoka Bondeni mpaka Kisumu na kitu ilituvunja haikuwa pesa, ni vile hakuna mahali palikuwa pameandikwa nani anaitisha mkutano wa wajumbe na sahihi ya nani ndio inatambulika.

Kwa hivyo katiba kwanza. Kazi ya kiongozi wa chama, ya mwenyekiti na ya katibu mkuu ziandikwe kila moja kivyake, hasa ya katibu maana barua zinatoka kwake. Andikeni wajumbe wanachaguliwa vipi, akidi (watu wa kutosha kufanya mkutano uwe halali) ni wangapi, na mkitaka kumng'oa mkubwa anapewa notisi ya siku ngapi. Na mgombea urais atapatikana kwa wajumbe ama kwa kura ya wanachama wote, hii imalizwe kabla hamjajua nani anakitaka hicho kiti. FORD, kile chama cha upinzani cha 1991, ilikuwa na Jaramogi Oginga Odinga, Masinde Muliro, Shikuku, watu wa kila pembe, lakini 1992 wakashikana juu ya hiyo hiyo, Matiba na Shikuku wa kambi ya Muthithi House wanataka kila mwanachama apige kura, kambi ya Jaramogi kule Agip House wanataka wajumbe, wakaingia debeni wakiwa vyama viwili na Moi akapita na asilimia 36 hivi. Hiyo huniuma mpaka leo.

Sasa usajili. Unaenda kwa Msajili wa Vyama unapata cheti cha muda, halafu mko na siku 180 za kutafuta cha kudumu, na hapo ndio jasho liko: wanachama 1,000 waliojiandikisha kupiga kura kwa kila kaunti, na kaunti ziwe zaidi ya nusu, yaani 24. Piga hesabu. Kakamega, Vihiga, Bungoma na Busia ni nne, Nyanza yote ni sita, ongeza Nakuru unafika 11, bado 13, kwa hivyo chama cha nyumbani peke yake hakitoshi na Katiba yenyewe kifungu cha 91 inakataa chama cha kabila ama cha eneo. Kwa uongozi jinsia moja isizidi theluthi mbili. Na tafadhali msiibe majina ya watu, 2021 wengi walijipata wanachama wa vyama hawavijui, walikasirika sana na walikuwa na haki.

Cheti kikitoka kikae ofisini kwa chama, sio kwa droo ya mtu. Mwaka wa 2007 ODM-Kenya ilipopasuka, Kalonzo alibaki na jina na Raila na wenzake wakahamia ODM ambayo wakili alikuwa ameshaisajili.

Katikati nako kuna shida yake, unapokea watu wametoroka pande zote mbili na kila mmoja anakuja na kikosi chake, na kura zenu zinatawanyika kila mahali bila kushinda popote. Uingereza, chama cha katikati cha SDP kilianza 1981 na vigogo wanne, 1983 kikiungana na chama cha Liberal kwa uchaguzi wakapata robo ya kura lakini viti 23 tu, na ilipofika 1988 vyama hivyo viwe kimoja, David Owen, mmoja wa hao wanne, akakataa. Sisi pia ni mwenye nyingi ndiye anachukua, kwa hivyo chagueni wadi mnazoweza kweli, Nakuru iko na 55, Kisumu 35, mkipata MCA (wawakilishi wa wadi) wachache wa kazi watu watawaona.

Mkikosana, anzeni na kamati ya ndani kabla ya kukimbilia jopo la mizozo ya vyama, kwa sababu jopo litawauliza kama mlijaribu kusuluhishana. Mkibadilisha viongozi mjulisheni Msajili. Na kumbukumbu za mkutano ziandikwe papo hapo, zisomwe, zisainiwe kabla watu wa Kisumu hawajapanda matatu kurudi.