Bunduki ya zamani ya mitutu miwili: kujua risasi inayoifaa kabla ya kuilisha

Risasi kuingia chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu linaloipokea, si kufaa. Kwa bunduki ya zamani ya mitutu miwili, hilo ndilo jambo la kwanza kujua. Ganda la .450 (jina litokanalo na kipenyo cha mtutu kwa inchi) lenye urefu wa inchi 3¼ lilianza kutumika kwa baruti nyeusi katika karne ya 19. Mwaka 1898 mtengenezaji bunduki John Rigby akalichukua ganda hilohilo, akalitilia kodaiti, baruti isiyo na moshi yenye nguvu zaidi, na ikazaliwa .450 Nitro Express. Kwa kipimo cha nje hutaona tofauti ya maana kati ya hizo mbili. Kwa nguvu, ya pili inaweza kuufumua mtutu uliotengenezwa kwa ajili ya ya kwanza.

Mwongozo huu ni wa bunduki ya zamani yenye cheti, ya kurithi au ya kukusanya. Kujiundia bunduki nyumbani bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, hata fundi awe hodari kiasi gani. Ukiwa unapanga vitu vya marehemu ukakuta bunduki isiyo na cheti, usiifungue wala usiipakie kwenye gari uivushe mji. Piga simu kituo cha polisi kilicho karibu waje waichukue, kisha mambo ya umiliki yaanzie kwa Bodi ya Leseni za Silaha. Tena uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, kwa hiyo matumizi tunayoyazungumzia hapa ni ya shabaha uwanjani tu.

Anza na mihuri, si na jina

Jina lililochorwa juu ya mitutu huonyesha nani aliuza au alitengeneza. Nguvu ambayo mtutu unaihimili husomwa chini yake. Hakikisha chemba zote mbili ni tupu, tenganisha mitutu na kitako, igeuze, kisha utazame sehemu bapa karibu na chemba kwa kioo cha kukuza na tochi iliyolazwa ubavuni. Kutu ikifunika, pangusa kwa kitambaa chenye mafuta mepesi. Usipige msasa: ukifuta muhuri umefuta ushahidi pekee ulio nao.

Bunduki ya Kiingereza ambayo mitutu yake ilijaribiwa nguvu na kupigwa muhuri Birmingham kabla ya 1904 huwa na fimbo mbili za kifalme zilizopishana chini ya taji. Kuanzia 1904 utaona herufi chini ya taji: BP ni jaribio la baruti nyeusi, BV ni ukaguzi, NP ni jaribio la naitro, yaani baruti isiyo na moshi kama kodaiti. London nao waliweka NP chini ya mkono ulioshika upanga uliopinda. Ukiona BP bila NP, hesabu bunduki hiyo ni ya baruti nyeusi tu, hata muuzaji aape.

NP nayo haitoshi. Kulikuwa na bunduki za baruti nyeusi zilizojaribiwa kwa kodaiti kidogo, kiasi cha kuiga mwendo wa baruti nyeusi, na risasi zake ziliuzwa kama naitro ya bunduki za baruti nyeusi. Kwa hiyo tafuta maandishi ya kipimo. Yakisoma CORDITE 70-480 MAX, maana yake ni kodaiti isiyozidi greini 70 na kichwa cha risasi kisichozidi greini 480. Greini moja ni gramu 0.065, hivyo kichwa hicho ni kama gramu 31. Huo ndio mzigo kamili, yaani baruti pamoja na kichwa, wa .450 ya Rigby. Tarakimu ya kodaiti ikiwa ndogo zaidi, bunduki ni ya mzigo mwepesi, na mzigo kamili si wake.

Mitutu yenye mawimbi kama ya mkeka, yaani chuma na feleji vilivyosokotwa pamoja kisha kufuliwa, iache kwenye baruti nyeusi. Mistari hiyo ni maungio, na kutu hupenya ndani yake pasipoonekana.

Pima chemba na mtutu

Kazi hii ni ya fundi bunduki mwenye leseni, lakini jua anachopaswa kufanya ili umuulize. Huziba mtutu mbele kidogo ya chemba, humimina madini laini yanayoyeyuka chini ya nyuzi 90 za Selsiasi, huyaacha yagande, kisha huyasukuma nje. Madini hayo husinyaa kwanza halafu hutanuka. Yale yanayotumika zaidi, Cerrosafe, hufikia kipimo halisi cha chemba baada ya takriban saa moja. Akipima mara tu yanapotoka, atakupa jibu la uongo bila kukusudia.

Kisha apitishe kipande cha risasi laini, namaanisha madini yenyewe, ndani ya kila mtutu na kukipima kwa maikromita. Kwa kawaida .450 huja karibu milimita 11.6, na .500 karibu 12.95. Lakini mafundi wa zamani hawakufuatana kwa kipimo kimoja, na mitutu miwili ya bunduki moja inaweza kutofautiana. Kichwa kikiwa chembamba kuliko mtutu, gesi hupita pembeni na kuuchafua kwa risasi iliyoyeyuka. Kikiwa kinene na kigumu, shinikizo hupanda. Ndiyo maana kichwa cha risasi laini iliyochanganywa na bati, sehemu moja ya bati kwa ishirini za risasi, ni bora kwa bunduki za baruti nyeusi kuliko kichwa kilichovikwa shaba.

Kuchagua ganda

Tuseme mihuri imesema baruti nyeusi. Tazama ganda gani chemba inataka, kisha uzito gani wa kichwa mitutu ililinganishwa nao. .577 Snider ya jeshi ilibeba greini 70 za baruti nyeusi na kichwa cha greini 480. .577/450 ya Martini-Henry, ya mwaka 1871, ilibeba greini 85 na kichwa cha uzito huohuo. .450 ya inchi 3¼ ilibeba takriban 120, na vichwa vyepesi, kuanzia 270 hadi 365. .500 ya inchi 3 ilifika 136 na zaidi. Zote hizi ni za mwendo wa wastani, na kwa shabaha hazihitaji kusukumwa hadi kikomo.

Uzito wa kichwa una maana kubwa hapa kuliko kwa bunduki ya mtutu mmoja. Mitutu miwili imeunganishwa kwa risimu, yaani ukanda wa chuma katikati yake, na ulehemu laini, na hailingani sambamba kabisa: mbele inasogeleana kidogo. Unapofyatua mtutu wa kulia, teke huisukuma bunduki kulia na juu wakati kichwa cha risasi bado kinasafiri ndani. Fundi aliipiga na kuiinamisha mpaka mitutu yote ikagonga mahali pamoja, kwa mzigo mmoja tu. Risasi ikitoka polepole kuliko ule, mtutu wa kulia hupiga kulia na wa kushoto hupiga kushoto. Ikitoka kwa kasi zaidi, hupishana: wa kulia hugonga kushoto. Kwa hiyo karatasi ya shabaha inakuambia kama mzigo ni sahihi. Piga kulia, kushoto, pumzisha mitutu ipoe, rudia, na upime kwa mita 50.

Yanayoharibika, na sababu zake

Kosa baya kuliko yote ni kujaza ganda la baruti nyeusi kwa baruti isiyo na moshi, kipimo kwa kipimo. Ganda la .450 lililojaa baruti ya kisasa ni bomu mkononi. La pili ni kuacha nafasi ya hewa ndani ya ganda la baruti nyeusi. Lazima baruti iguse kitako cha kichwa, na ikibanwa kidogo ni sawa. Nafasi tupu inaweza kuuvimbisha mtutu kama pete, na uvimbe ukishatokea hauondoki.

Maganda yaliyokutwa sandukuni yaachie makumbusho. Fataki za zamani, yaani viwashio vya kitakoni mwa ganda, zilikuwa na zebaki, na zebaki huidhoofisha shaba kwa namna isiyoonekana kwa macho.

Usimpe fundi chuma wa Kamukunji auchomelee mtutu au kuupasha moto, na usikubali kuupaka weusi kwa chumvi moto. Moto huyeyusha ulehemu wa risimu, na chumvi hizo huula. Ukitaka kujua kama risimu imeshika, ning'iniza mitutu kwa uzi wakati imetengana na kitako, uigonge kwa ncha ya kidole. Ikilia kama kengele, iko sawa. Ikilia kama chungu kilichopasuka, kuna sehemu iliyoachia, na haipigwi risasi hadi iunganishwe upya na mwenye ujuzi.

Masizi ya baruti nyeusi hunyonya unyevu hewani, na majira ya mvua ya Machi hadi Mei hapa Nairobi yanatosha kuchubua mtutu ulioachwa mchafu kwa siku chache. Siku hiyohiyo uliyopiga, safisha kwa maji moto, kausha kabisa, kisha paka mafuta. Mafuta peke yake hayaondoi chumvi za masizi. Rudia kuangalia kesho yake: kitambaa kikitoka na rangi ya kutu, rudi kwenye maji.