Nyota wako akikaukiwa vikapu, fungua daftari kabla ya kumwita benchi

Mtupaji bora niliyewahi kumfundisha alipitia mechi nne ambazo alirusha mipira 22 kutoka nje ya mstari wa pointi tatu, ikaingia 3 tu. Msimu mzima kabla ya hapo alikuwa akiingiza 4 katika kila 10. Jukwaani watu walishaanza kupiga kelele atolewe, na msaidizi wangu alikuwa kila mara anamtupia jicho mchezaji wa akiba, kisha mimi. Nilimwacha acheze. Nitaeleza nilivyofikia uamuzi huo, kwa sababu najua wapo makocha walio katika hali hiyo hiyo leo.

Anza na hesabu. Mtupaji wa asilimia 40 hukosa 6 katika kila mitupo 10 hata akiwa katika ubora wake. Ukichukua mitupo yoyote mitano, uwezekano wa kuikosa yote ni kama mara 1 katika 13. Kwa hiyo ndani ya msimu atakosa mitano mfululizo mara nyingi tu, na hana ugonjwa wowote. Kocha anayemtoa kila akifika hapo anamwadhibu kwa kuwa binadamu. Lakini 3 kati ya 22 ni habari nyingine: kwa mtupaji wa kiwango kile, bahati mbaya peke yake huleta matokeo mabovu kiasi hicho chini ya mara 1 katika 100. Ukifika hapo, ipo sababu, na kazi ya kuitafuta ni yako wewe kocha.

Sababu nilizikuta kwenye daftari. Huwa nagawa mitupo ya kila mtupaji katika mafungu matatu: alirusha akiwa huru, alirusha akiwa amebanwa, alirusha baada ya kudunda mwenyewe. Hayo tu yanatosha, na mtu mmoja wa benchi anaweza kuyaandika. Katika ile mitupo 22, sita tu alikuwa huru, na vikapu vyote vitatu vilitoka humo. Kumi na moja alikuwa na mkono wa mlinzi usoni. Mitano aliilazimisha mwenyewe baada ya kudunda. Yaani akiwa huru alikuwa bado anaingiza nusu!

Nikajiuliza nafasi zake huru zimekwenda wapi, na jibu lilikuwa limekaa benchi na barafu mguuni. Mchezeshaji wetu alikuwa ameteguka kifundo siku chache kabla ya ukame kuanza. Aliyechukua nafasi yake alitoa pasi ikiwa imechelewa kwa nusu sekunde, tena chini, kwenye magoti. Mtupaji ainame, ainuke, apange miguu, mlinzi keshafika. Mkono wa mtupaji ulikuwa mzima. Pasi ndizo zilizokuwa zinaumwa, na sote tulikuwa tunamlaumu mtu wa mwisho kuugusa mpira.

Basi wiki ile sikumpa mazoezi ya ziada ya kurusha hata dakika moja. Nilimchukua yule mtoa pasi, nikawa nakimbilia mahali pa mtupaji, mikono kifuani, na nikamtaka anipige pasi papo hapo, tena kabla sijasimama. Halafu nikaongeza vizuizi viwili katika mchezo wetu, yaani mwenzake anasimama njiani mwa mlinzi, ili mtupaji aupokee mpira akitokea pembeni akiwa ameshageukia kikapu. Na nikampa njia ya kuanza mechi kwa kukata kuelekea chini ya ringi, apate kikapu cha karibu au achezewe rafu aende kwenye mitupo huru. Mtu akishauona mpira ukipita kwenye nyavu mara mbili, bega hushuka lenyewe.

Tazama pia mpira unakosaje. Ukigonga mbele ya ringi kila mara, mimi huanza na miguu: amechoka, nimpunguzie dakika. Ukienda kushoto na kulia, naangalia kiwiko.

Kisha tazama wapinzani, maana wao hawadanganyi. Kama mlinzi bado anamganda, nyota wako anakusaidia hata akikosa, kwa kuwa wenzake wanne wanacheza katika nafasi pana zaidi. Siku mlinzi atakapoanza kumwacha ili akasaidie ndani, ndipo nafasi zake huru zinarudi. Kumtoa saa hiyo ni kuwapa wapinzani zawadi.

Kung'ang'ania nako kuna mwisho wake. Katika mechi ya saba ya fainali ya NBA ya 1994, John Starks wa New York alirusha 18 akaingiza 2, na mitupo yake yote 11 ya pointi tatu ilikosa. Kocha wake, Pat Riley, alibaki naye huku Rolando Blackman, mtupaji mzoefu, akiwa benchi bila kuguswa, na Houston ikashinda 90–84. Kwenye mechi ya mwisho hakuna kesho ambayo wastani utarudi. Humo mimi huwa mwepesi zaidi wa kubadilisha, hata kwa dakika nne tu za kumpumzisha. Katikati ya msimu ni tofauti. Mwaka 2018 Klay Thompson wa Golden State alianza kwa mitupo 5 ya pointi tatu kati ya 36 katika mechi saba, kocha wake Steve Kerr akaendelea kumwanzisha, na tarehe 29 Oktoba huko Chicago akaingiza 14 za pointi tatu katika mechi moja, rekodi ya ligi, ndani ya dakika 27.

Wakati wowote wa msimu namtoa kwa mambo mawili: akiacha kukaba kwa sababu ya hasira, au akianza kuukataa mtupo alio huru. Hilo la pili ni baya zaidi, kwa sababu linaambukiza timu nzima.

Kabla ya mechi ya tano nilimwita pembeni. "Mwanangu, ukiwa huru, rusha. Ukibanwa, mpe mwenzako. Mengine niachie mimi." Akasema sawa, kocha. Sikuongeza neno, maana mtupaji mwenye maelekezo sita kichwani hawezi kurusha. Mtupo wake wa kwanza uligonga ringi ukatoka. Akageuka haraka kuangalia benchi, akanikuta nimempa mgongo, nazungumza na mtoa pasi.