Umeokota simu ya mtu? Irudishe hivi

Juzi mpwa wangu aliniletea simu aliyoikuta kwenye kiti cha basi. "Mjomba, nimeizima ili chaji isiishe." Nikabaki kumtazama tu, maana kosa hilohilo niliwahi kulifanya mimi, likanila jioni nzima.

1. Iache ikiwaka

Ichomeke kwenye chaja, sauti juu. Usiizime, usiiweke kwenye hali ya ndege, usichomoe laini. Mwenyewe anaitafuta muda huu: anaipigia, au anaiangalia kwenye ramani kupitia akaunti yake. Ukiizima, mara nyingi unamfungia njia zote mbili.

Ubaya wa kuizima unauona ukiiwasha. Laini iliyowekewa PIN haishiki mtandao mpaka PIN iingizwe. Yangu ilikuwa hivyo: kioo kinawaka, chaji imejaa, nami nimekaa nayo mezani nikingoja iite. Kumbe kila anayepiga anaambiwa haipatikani. Tena simu nyingi za kisasa zikishazimwa hazisomi orodha ya majina mpaka zifunguliwe kwanza kwa namba ya siri, kwa hiyo hata laini isiyo na PIN ikiita, badala ya "Mama" unaona namba tupu.

Ukikuta inadai PIN ya laini, usibahatishe 0000 wala 1234. Makosa 3, laini inajifunga na kudai PUK, yaani namba ya kuifungulia, ambayo ina tarakimu 8. PUK ikikosewa mara 10, laini hiyo ndiyo imekufa.

Hapo tu ndipo ninaporuhusu laini itolewe. Kwenye plastiki yake kuna namba ndefu inayoanza na 89. Mara nyingi jina la mtandao nalo limeandikwa hapo. Inukuu, irudishe laini mahali pake, kisha wapigie huduma kwa wateja wa mtandao huo. Usiwaombe namba ya mteja, hawatakupa na wako sahihi. Waombe wampe yeye yako. Simu inayotumia eSIM, yaani laini iliyojengwa ndani ya simu yenyewe, haina kadi ya kutoa, nenda hatua ya 5.

Wapo wanaoshauri uihamishie laini kwenye simu yako. Sipendi kabisa. Meseji za benki za mtu zitaanza kuingia kwako, na pesa ikipotea utaeleza nini?

2. Angalia skrini

Kama mwenyewe ameshaiwekea alama ya kupotea, huenda ujumbe na namba ya kupiga viko hapohapo. Kama hakuna, gusa kitufe cha dharura kwenye skrini iliyofungwa, utafute taarifa za dharura au za matibabu. Waliozijaza huweka namba ya ndugu. Gusa taratibu, usije ukawapigia polisi bure.

3. Ikiita, pokea

Sema umeiokota, utaje namba yako. Basi.

4. Hakikisha ni yake

Rangi na kava havithibitishi kitu, kila aliyekaa naye basi moja ameviona. Mkutane mahali penye watu, aifungue mbele yako kwa kidole, uso au namba ya siri. Akidai imegoma kufunguka, mwambie alete boksi lenye IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, zile tarakimu 15, mzilinganishe. Baadhi ya simu zimechongwa IMEI kwenye kitrei cha laini.

Wewe usimwombe nywila yake hata kidogo. Wezi ndio wanaoandika "nimeipata simu yako, nitumie nywila", naye akikushuku ana haki.

5. Kimya siku nzima?

Ipeleke polisi, au kwa ofisi ya vitu vilivyopotea ya chombo ulichopanda, na uondoke na karatasi ya makabidhiano. Usiipeleke kwa fundi "aifungue tu tuone namba". Atakachokifanya ni kuiflashi, na hapo picha na namba zote za mwenyewe zimekwenda.

Ya mpwa wangu haikudai PIN. Tuliiwasha saa mbili usiku, na kabla hata haijamaliza kutetemeka kwa meseji zilizorundikana, ikaita.