Unaorodheshea watu mali za bima? Anza na wapiga vyombo

Nyie mlioko Marekani mnaofanya hii biznesi ya kuingia majumbani na kuwaorodheshea watu mali kwa ajili ya bima, acheni kusambaza vipeperushi kila mlango, vinaishia kwenye takataka. Tafuteni wapiga vyombo. Mtu wa kawaida hakumbuki hata friji kanunua lini, ila mpiga gita ukimgusia gita lake mtakaa hapo mpaka chai ipoe.

Mie nilianza na jamaa mmoja anapiga besi kwenye bendi ya rumba, gari lake lilivunjwa kioo usiku wakabeba besi na ampu, watu wa bima wakamwambia lete risiti na serial namba, yeye alichokuwa nacho ni picha moja ya harusini, tena besi yenyewe nusu imezibwa na shangazi aliyekuja kumtunza. Alilipwa kiduchu. Hiyo stori (ameniruhusu, jina silitaji) ndo tangazo langu, naisimulia kanisani baada ya ibada wakati vijana wanakunja nyaya, na sijawahi kutoka hapo bila namba mbili tatu za simu.

Ila ukifika kwa mtu uonekane unajua kazi. Gita la umeme serial namba mara nyingi iko nyuma ya kichwa, saksofoni igeuze uangalie karibu na dole gumba linapokaa, piano fungua mfuniko wa juu. Udi au kanuni (vile vyombo vya nyuzi vya taarabu) ya fundi wa mkono mara nyingi haina namba, basi piga picha mikwaruzo, viraka, mistari ya mbao, andika na jina la fundi. Fidla ikiwa na lebo ya Stradivarius usimpandishe mtu presha, zimebandikwa kwenye kopi kibao. Na bei mwachie mthamini! Ukijifanya mthamini, siku mambo yakiharibika utaitwa wewe.

Wazungu wenye klarineti nawapata kwa mpingo, maana klarineti nyingi nzuri ni mpingo na mpingo ndo huo wa kwetu Lindi na jirani zetu Msumbiji, nikishasema hivyo wenyewe wanaanza kufungua makesi. Hapo ndo namuuliza, unalipwa ukipiga? Kwa sababu bima nyingi za nyumba au za wapangaji zinabana fidia ya chombo kinachoingiza hela, na wengi hawajawahi kuisoma hiyo karatasi.

Kadi zako ziache kwa mafundi wa gita na walimu wa muziki, hao wanaaminika kuliko tangazo lolote.

Halafu vyombo vya wateja usivirushe Instagram. Mie nilirusha saksofoni mara moja, nyuma dirishani namba ya nyumba ikaonekana, mwenyewe akanipigia hata dakika kumi hazijaisha. Nilifuta, nikaomba radhi, ila hakuniita tena.